Bastola tatu kwenye kanga: uchambuzi wa kisa

Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyabadilisha ili wenyewe wasitambulike. Vipimo, alama na makosa, yakiwemo yangu, nimeyaacha yalivyokuwa.

Usuli

Marehemu alikuwa mzaliwa wa Pwani, fundi wa mitambo ya meli aliyezunguka bandari za Mediterania miaka mingi kabla ya kuiacha bahari na kuhamia Nairobi na mkewe. Alipofariki, familia ilisubiri arobaini ipite ndipo ikaanza kupanga vitu vyake. Juu ya kabati la chumbani, nyuma ya masufuria ya harusi, palikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na bastola tatu, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Karatasi hapakuwa na hata moja: si leseni, si risiti.

Mjane, ambaye hapa nitamwita Mama, alizijua kama "mapambo ya mzee". Mwanawe wa kwanza, mwalimu, alitaka ziondoke nyumbani siku hiyo hiyo. Mpwa wa marehemu, kijana mwenye leseni ya bunduki ya marisao na mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, alitaka kuzipiga. Na kwenye mali ya marehemu dalali hakosekani. Huyu alishaziona, akasema ni za enzi ya Sayyid Barghash, kwamba anamjua mnunuzi wa Kizungu atakayetoa laki nane kwa moja tu, na kwamba anahitaji elfu arobaini za kufungua njia. Mpwa alishampa elfu kumi kimyakimya.

Maneno ya dalali hayakuwa ya kipuuzi kabisa. Barghash alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na katika karne hiyo magobori, bunduki za kujaziwa mdomoni, yaliingia pwani yetu kwa wingi sana, mpaka mataifa ya Ulaya yakawekeana masharti ya kuzuia biashara hiyo katika Mkataba wa Brussels wa 1890. Mtu wa Pwani akiambiwa gobori la babu lina thamani, ana sababu ya kuamini. Uongo wa aina hii hununulika kwa sababu umeshonwa kwa uzi wa kweli.

Mimi ni fundi wa bunduki katika duka lenye leseni. Mpwa ndiye aliyenipigia simu.

Simu ya kwanza, na nilipoteleza

Alinitumia picha kumi na moja kwa WhatsApp kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Fundi, hii imeandikwa 1843. Jionee mwenyewe."

Kweli, kwenye silinda (kile kipipa cha vyumba kinachozunguka) ya ile rivolva palikuwa na picha ya meli zikipigana, na chini yake tarehe: 16 Mei 1843. Nikacheka peke yangu, maana tarehe hiyo naijua. Nikaanza maswali. Chini ya kasiba kuna alama gani? Fremu ni ya manjano au nyeusi? Unaona nyota popote? Nikaomba picha nyingine, tukazungumza kama dakika ishirini, mimi nimenogewa kuliko yeye.

Katika dakika zote hizo sikuuliza kama kuna kitu ndani.

Nilichomweleza vizuri ni upande wa sheria. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haitazami tu kama bastola ni mpya au ya mtindo wa zamani, wala haijali ilinunuliwa rahisi kiasi gani. Inatazama kama ni chombo chenye mtutu kinachoweza kutoa risasi ya kuua, au kinachoweza kurekebishwa kikaitoa. Kwa hiyo gobori la kuigiza linalopiga ni bunduki kama bunduki nyingine. Hata lile lisilopiga lina balaa lake, kwa sababu hapa jijini wizi wa kutumia bastola bandia si habari mpya, na aliye ng'ambo ya barabara hawezi kujua kwamba yako ni ya kutundika ukutani. Nikamwambia wasipande nazo matatu, wasimpelekee dalali, waende kituo cha polisi cha karibu waeleze zilivyopatikana, wapewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, halafu zihamishiwe ghala la duka letu kwa maandishi.

Mwalimu akazitia kwenye kikapu cha sokoni, akaendesha mpaka kituoni. Pale kaunta, afisa wa zamu akachukua moja, akaivuta nyundo nyuma, akafyatua kuelekea ukutani. Tak! "Mwalimu, hii ni ya sinema," akasema, na watu wakacheka.

Ufito

Zilipofika dukani ndipo nilipoanza pale ambapo ningeanzia kwenye simu. Nilichukua ufito wa mbao wa unene wa penseli, nikaushusha ndani ya mtutu mpaka ukagota, nikautia alama ya kalamu usawa wa mdomo. Nikautoa, nikaulaza juu ya kasiba kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Gobori tupu husema kweli hapo: ncha ya ufito itafika kwenye kitundu cha moto, au chini ya kichuchu kinachovikwa fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo kuwasha baruti. Ikiishia njiani, kuna kilichouzuia.

Kwenye bastola ya kwanza ufito uliingia sentimita nne tu ukagonga chuma kitupu. Hilo nilitarajia. Kwenye ya pili, ile iliyofyatuliwa kituoni, uliishia karibu sentimita tatu kabla ya kichuchu.

Nikapima tena. Mara ya tatu nikapima nikiwa nimesimama ubavuni, mikono yangu haiko mbele ya mtutu. Sentimita tatu zile zile. Nikakitazama kichuchu kwa kioo cha kukuza: kilikuwa na gamba la kijani, kama lile linaloota kwenye kichwa cha betri ya gari. Yale yalikuwa mabaki ya fataki ya shaba nyekundu. Unyevu wa miaka ulikuwa umeiua, na nyundo ya afisa ilikuwa imeipiga sawasawa katikati. Alama ya pigo ilikuwa bado inang'aa ndani ya ule ukijani.

Ya tatu, rivolva, haihitaji ufito. Vyumba vyake sita huonekana kwa mbele ukimulika tochi. Vyote vilikuwa vitupu.

Kila moja ni nini

Ya kwanza haikunichukua dakika tano. Ni ya mtindo wa gumegume, yaani ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, ndefu, yenye kofia ya manjano kwenye kitako, nayo ndiyo iliyompendeza dalali kuliko zote. Sumaku haikunata popote kwenye kasiba. Peke yake hilo halitoshi, maana ziko bastola halisi za kale zenye kasiba za shaba ya manjano, lakini nilipokwaruza kidogo chini ya kasiba haikutoka rangi ya shaba wala ya chuma. Ilitoka kijivu hafifu cha aloi ya zinki. Mstari wa kalibu ulipita ubavuni kuanzia mdomoni hadi nyuma. Kile kipande kinachopigwa na gumegume hakikuwa chuma kigumu, hivyo kisingetoa cheche hata moja. Na skrubu ya mtambo ilikuwa ya nyota, ile ya bisibisi ya msalaba, ambayo ni kitu cha karne ya ishirini. Ni pambo, la aina inayouzwa Hispania kwa watalii.

Ya pili ilikuwa kazi halisi, ingawa ya bei nafuu: ya fataki, risasi moja, kasiba ya pembe nane, kipenyo cha inchi .45. Chini ya kasiba palikuwa na namba, alama za ukaguzi, maneno ya Kiingereza ya kwamba imetengenezwa Hispania, na onyo la kutumia baruti nyeusi pekee. Neno moja la nchi lilitosha kuuvunja utawala wa Barghash. Marekani ilianza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka kwa sheria ya ushuru ya 1890, hivyo jina la nchi kwa Kiingereza kwenye chuma ni dalili nzuri kwamba unatazama kitu cha baada ya hapo. Tena watengenezaji wa zamani hawakuwa na sababu ya kumwonya mtu atumie baruti nyeusi. Hapakuwa na nyingine. Mbao zake zilikuwa na nyayo za tupa na pengo kando ya mtambo lililozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Miaka ya sabini bastola za namna hii ziliuzwa sana zikiwa vipande, mnunuzi akaziunga mwenyewe mezani. Ukitazama lile pengo unamwona fundi wa meli na tupa yake, usiku, kwenye kabini.

Ya tatu ndiyo yenye 1843. Ni nakala ya Colt Navy ya 1851, rivolva ya kiwanda cha Colt cha Marekani. Bastola ya asili ilichorwa kwenye silinda yake vita vya majini vya Campeche, kati ya wanamaji wa Texas na wa Meksiko, vilivyopiganwa Mei 1843. Tarehe ile ni ya vita, haina uhusiano na siku bastola ilipotoka kiwandani. Colt waliitengeneza mpaka 1873. Nakala za Italia huiga picha hiyo meli kwa meli, pamoja na tarehe, na hapo ndipo wengi hunaswa. Lakini yenyewe ilijisema mahali pengine pawili. Kwanza, fremu ilikuwa ya shaba ya manjano na kipenyo ni .44. Navy ya Colt ilikuwa .36, na fremu yake haikuwa ya shaba. Waliotumia shaba ni mafundi wa majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kwa uhaba wa chuma, nao pia walitengeneza .36. Navy ya 1851 yenye fremu ya shaba na kipenyo cha .44 ni kitu kilichobuniwa na viwanda vya nakala kwa ajili ya soko la bei nafuu.

Pili, upande wa kulia wa fremu, nilipofuta grisi iliyoganda, palitokea nyota juu ya herufi PN, na karibu yake kisanduku chenye herufi AD. PN ni *polvere nera*, baruti nyeusi kwa Kiitalia, alama ya ukaguzi wa silaha ya Gardone Val Trompia, mji wa Italia. Kisanduku ni mwaka: Waitalia walianza kutumia herufi mbili mwaka 1975 kwa AA, 1976 ikawa AB. Hesabu mwenyewe mpaka AD. Ni 1978.

Nilipomwambia dalali kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata 1978 ni zamani, fundi." Nakala mpya ya aina hiyo huko Marekani huuzwa kwa dola mia mbili na kitu. Elfu kumi za mpwa hazijarudi mpaka leo.

Kuitoa risasi iliyolala

Uamuzi wa kwanza mgumu ulikuwa namna ya kuifungua ya pili. Mpwa alipendekeza njia ya mkato: tuivike fataki mpya, tuifunge kwenye jiliwa, tuipige kwa kamba. Nilikataa. Hatukujua kuna kiasi gani cha baruti, ya aina gani, wala kama risasi imekaa juu ya baruti au imesogea mbele ikaacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo inayopasua kasiba.

Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki upesi. Mafuta hayaiui kwa uhakika. Maji huiua, mradi uitoe ikiwa bado mbichi, maana ikikauka inaweza kufufuka. Kwa hiyo nilikilainisha kichuchu kwa mafuta ya kupenya, nikakifungua polepole mtutu ukielekea kwenye ndoo ya mchanga, kisha nikajaza maji kwa pande zote mbili. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nikafunga skrubu ya kung'olea kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, ikauma ndani ya risasi, nikavuta taratibu. Ilitoka kwa kusitasita, ikifuatwa na tope jeusi, karibu kijiko cha chai.

Risasi ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Nilipokisuuza kwenye bakuli palitokea rangi nyekundu na nyeusi, na ukingo wa pindo la kanga.

Mwalimu alipokuja nilimwonyesha, naye akampelekea Mama picha kwa simu. Mama akapiga papo hapo. Aliijua ile kanga. Akasema mumewe aliikata mwaka wa themanini na mbili, ile Agosti, siku redio iliposema serikali imepinduliwa na maduka ya jijini yakawa yanavunjwa. "Aliketi mlangoni mpaka alfajiri na hicho kitu magotini. Asubuhi nikamwambia, kitoe humo ulichotia. Akasema amekitoa."

Baruti aliipata wapi, sikuuliza.

Nilipoikausha kasiba na kumulika ndani, sehemu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, vishimo vimebanana kama uso wa aliyeugua ndui, na nyuzi mbili za tundu linaloshika kichuchu zilikuwa zimeng'oka zikabaki kwenye kichuchu chenyewe. Hapo uamuzi haukuwa na mjadala. Haitapigwa tena.

Ipigwe au isipigwe

Ikabaki rivolva. Mwalimu alisema wazi haoni haja. Nami nikiwa mkweli, sababu za kiufundi za kuipiga zilikuwa chache. Kikubwa kilikuwa hamu ya mpwa, na yangu. Niliweka masharti: ikaguliwe kwanza, ipigwe kwa kibali cha kuijaribu chini ya leseni ya duka, na baruti iwe ya halali.

Ukaguzi uliridhisha. Fremu ya shaba ikipigwa kwa baruti nyingi hunyooka kidogo kidogo, na meno ya nyuma ya silinda huacha muhuri kwenye ukuta wa fremu. Muhuri sikuuona. Kabari inayoshika kasiba ilikaza vizuri. Nafasi kati ya silinda na kasiba niliipima kwa yale mabamba ya fundi magari ya kupimia plagi, ikawa milimita 0.2. Bila shaka ilikuwa imepigwa mara chache sana.

Baruti ndiyo iliyotukwamisha. Baruti ni kilipuzi, na vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115. Kopo la baruti nyeusi hulikuti dukani ukalitia mfukoni. Wiki ya pili mpwa akaja na wazo aliloliona la busara: afungue ganda mbili za bunduki yake ya marisao, atoe baruti humo. "Si baruti ni baruti?"

Siyo. Baruti nyeusi huwaka kwa mwendo wake karibu ule ule hata ikibanwa. Baruti isiyo na moshi iliyo ndani ya ganda la kisasa huwaka kwa kasi zaidi kadiri inavyobanwa, na kijiko kile kile cha ujazo hubeba nguvu nyingi zaidi. Silinda iliyokaguliwa kwa alama ya PN haikujengwa kwa shinikizo hilo. Inaweza kustahimili mara moja, ukaona umeshinda. Ya pili ikakufungukia mkononi. Tulisubiri miezi mitatu hadi duka likaruhusiwa kutumia mabaki ya kopo lililoletwa kihalali kwa kazi ya filamu.

Risasi nazo zilikuwa na kisa chake. Kiswahili kimezipa madini na kinachotoka mtutuni jina moja, na hapa jina hilo linasaidia kukumbuka: bastola hii inataka risasi isiyochanganywa, laini, inayokwaruzika kwa ukucha. Ya kwenye magurudumu ya magari imechanganywa, ni ngumu, huumiza mkono wa kushindilia. Ya betri sikutaka hata iingie karakana. Aliyefuatilia yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, anajua kwa nini. Mwalimu akakumbuka chubwi za nyavu za marehemu babake, zikaletwa kutoka Pwani kwenye mfuko wa mchele. Tuliziyeyusha nje, penye upepo, kwenye nyuzi 327 na ushee, tukamimina kwenye kalibu ya inchi .451.

Uwanjani

Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu, uwanja ulio nje kidogo ya jiji. Tulipewa saa moja kabla ya wenzetu wa bunduki za kisasa.

Kila chumba kilipata kipimo cha punje 18, karibu gramu 1.2, chini ya kile ambacho silinda ingebeba, kwa kuihurumia fremu. Juu yake risasi, ikashindiliwa kwa mkono wa bastola mpaka ikakata pete nyembamba ya risasi mdomoni mwa chumba. Pete hiyo unataka kuiona. Inakuambia risasi imebana. Kisha mafuta ya mgando juu ya kila chumba, ili cheche ya jirani isipenye na kuwasha vyumba vingine kwa mkupuo. Watu wa huko nje wana mafuta yao maalumu. Sisi tulitumia Kimbo ya kupikia, na ilifanya kazi vizuri. Tulijaza vyumba vitano, cha sita kikabaki kitupu chini ya nyundo.

Mpwa akalenga, mita kumi. Tak! Fataki ililia, bastola haikulia.

Na hapo akafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: akaigeuza ubavu aitazame. Nilimdaka kifundo cha mkono nikakisukuma kirudi kwenye shabaha. Baruti nyeusi yenye unyevu au mafuta inaweza kufukuta kabla ya kushika. Tukasimama hivyo, mkono wangu juu ya wake, nikihesabu kwa sauti mpaka sitini. Haikushika. Tukavika fataki nyingine. Safari hii ikaenda.

Aliyezoea bunduki ya kisasa hushangaa. Hakuna mpasuko mkali. Ni mguno mzito, mkono unasukumwa kuliko kupigwa, halafu moshi mweupe unaficha shabaha nzima na harufu ya yai viza inakuja nyuma yake. Risasi zilipiga karibu shubiri moja juu ya alama, jambo la kawaida kwa mtindo huu kwa mita chache. Kwenye mlio wa tatu kipande cha fataki iliyopasuka kilianguka kwenye mtambo, silinda ikagoma kuzunguka. Nilikitoa kwa sindano, mtutu ukiwa mbele. Tukamaliza vitano. Mvua ikaanza.

Matokeo

Bastola ya ukutani ilirudi kwa familia baada ya polisi kuridhika, na mwalimu ameifungia kabatini. Ile ya Hispania imebaki mikononi mwa polisi. Rivolva iko ghala la duka. Ombi la mpwa la kuimiliki liko kwenye Bodi ya leseni za silaha. Mama aliomba apewe kile kitambaa.

Uchambuzi

Polisi na OB kabla ya fundi, hilo lilikwenda sawa. Liliiondoa familia kwenye hatari ya kukutwa na silaha isiyo na karatasi, na lilimkata dalali mguu mapema. Lakini lilikwenda sawa kwa njia iliyoweza kuua mtu. Kwa kuwa sikuuliza swali la kwanza kwenye simu, bastola iliyojaa ilisafiri kwenye kikapu, ikawekwa kaunta, ikafyatuliwa mbele ya watu. Kutu ya fataki ndiyo iliyotuokoa, siyo ushauri wangu. Ningepaswa kusema: msiziguse, chukulieni zote zimejaa, waombeni polisi waje nyumbani. Nikitafuta kwa nini sikusema, jibu linaniudhi: nilivutwa na ile tarehe ya 1843. Utambuzi una utamu wake, na utamu huo ulinitangulia. Tena picha zilionyesha wazi kwamba mbili ni nakala, na neno nakala lilinilegeza, kana kwamba nakala haijazwi.

Alama zilifanya kazi kuliko sura. Tukienda kwa sura, ile ya zinki ndiyo iliyoonekana ya kale kuliko zote.

Kuikataa baruti ya ganda ni uamuzi ninaousimamia, ila niliueleza kwa kuchelewa. Kijana aliutafuta ufumbuzi kwa wiki mbili kwa sababu sikumwambia mwanzoni ni kipi kisichowezekana na kwa nini. Safari nyingine huenda mtu hataniuliza. Atafungua tu ganda lake.

Ule mlio mtupu uwanjani ni wangu pia. Kabla ya kujaza, unapiga fataki tupu kwenye kila kichuchu ili kuunguza mafuta yaliyobaki ndani. Nilivifuta kwa kitambaa nikaona inatosha, kwa kuwa wingu lilikuwa linasogea na saa yetu ilikuwa inakwisha. Nilichofanya vizuri ni kusimama karibu naye kiasi cha kuufikia mkono wake. Ningekuwa hatua mbili nyuma, ningebaki kupiga kelele.

Na usafi. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi iliyowaka hubaki kama masizi na chumvi, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni, siku hiyo hiyo, kisha kukausha na kupaka mafuta. Kwa mvua ile tulirudi mjini kwa foleni ya saa mbili, ghala lilikuwa linafungwa, nikaifuta juujuu nikasema kesho. Kesho yake saa tatu asubuhi silinda ilikuwa na ukungu mwekundu juu ya meli zote za Campeche. Nilishinda nayo kutwa, maji baada ya maji. Meli zimerudi. Chumba cha nne bado kina doa.